Kware Walioshuka Kayole

Nafula, kukhu wangu, bibi yangu mdogo,

Sikuulizi hali, kwa maana nakusikia hapo nyuma ya pazia ukibishana na zipu ya begi, na nimejiapiza nisiinuke kukusaidia. Ukisikia nakohoa, endelea na kazi yako. Mambo ya soksi, dawa na nani wa kumwamini njiani shangazi yako ameyasema wiki nzima, na mimi sina la kumpokonya. Nimeshika kalamu kwa sababu kesho asubuhi nikikutazama usoni nitaanza kuzungumza juu ya koti, na nitazungumza juu ya koti mpaka gari lifike.

Jambo linalonisumbua ni moja. Mara ya kwanza ulipotoka katika nyumba hii, nilikurudisha. Safari hii unaenda mbali kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu, kwenye kisiwa cha katikati ya bahari ambako meli hupita mara moja kwa msimu, kuwaita ndege warudi kutaga. Mtu akiiacha kazi ile katikati, umesema mwenyewe, hakuna wa kushika nafasi yake. Nami najijua. Naogopa kwamba nitakuita tena, nawe utakuja tena. Kwa hiyo nataka nikueleze tangu mwanzo yale niliyoyafanya na ndege wa kuita, hata unayoyajua, ili ukiwa kule usinionee huruma isiyonistahili.

Babu yako alifanya kazi karakana ya reli, na sisi tulikulia Kaloleni, katika zile nyumba za baraza la jiji. Alikuwa mtu wa suti moja na maneno machache. Lakini mvua ilipokaribia, Butere yote, kijijini alikozaliwa, ilimpanda kichwani. Alikuwa na mti mrefu, mwembamba, uliolala kando ya ukuta mwaka mzima, na hakuna aliyeruhusiwa kuuanikia nguo. Msimu ukifika aliusugua, akaupaka mafuta, akatoa vikapu vyake.

Kware, au isindu kama tunavyosema kwetu, hatumkimbizi. Tunamwita. Unafuga dume mmoja au wawili katika vikapu vilivyosukwa, unavitundika juu ya mti uliosimamishwa wima kwenye nyasi, na kabla hakujapambazuka wanaanza kuimba. Kware wa porini husafiri usiku wakifuata mvua. Wakimsikia mwenzao chini, wanajua pana nyasi na pana usalama, nao wanashuka. Jua likichomoza wamo vitanzini tulivyotega chini ya mti.

"Ndege haji kwa ajili ya chakula," babu yako aliniambia. "Huja kwa ajili ya mwenzake."

Kaloleni hapakuwa na nyasi za kutosha, basi Jumamosi jioni tulibeba mti mabegani, yeye mbele, mimi na baba yako mdogo nyuma, tukaenda hadi nyikani. Nyika yenyewe ndiyo hapa. Ndiyo Komarock, ndiyo Kayole, ndiyo hii ghorofa unayofungia begi. Ukikataa kuamini sikulaumu, hata mimi siku hizi nikipita Spine Road siamini. Palikuwa na nyasi za kufika kiunoni, na mvua ikinyesha usiku, asubuhi utasikia kware wakijibizana kutoka pande zote. Sikumbuki kama nilikuwa na njaa au baridi. Nakumbuka kwamba baba yangu, ambaye nyumbani hakucheka, huko alicheka.

Alikuwa na tabia moja. Kila jike aliyenaswa alimshika kwa mikono miwili, akampapasa tumbo kwa kidole gumba taratibu. Akisikia yai, alimwachilia. Hakunieleza kama ni mila au ni moyo wake tu, na mimi sikuuliza. Kuna maswali mengi sikumwuliza, na sasa nakuwekea wewe mzigo wa kuniuliza yangu mapema, maana hata mimi sijui yaliyomo ndani yangu mpaka nichokozwe.

Nikakua, nikawa mtu wa mkono, yaani kibarua wa mafundi wa ujenzi, halafu fundi. Walipoanza kujenga Komarock nilikuwa miongoni mwa waliochimba misingi. Nilifurahi, usidanganyike. Ilikuwa kazi ya karibu, yenye mshahara wa wiki, na mama yako alikuwa ameshaanza kunitazama kwa jicho la kuuliza tutaoana lini. Tulifyeka nyasi zile nilizozilalia utotoni. Chini yake tulikuta viota, na ndani yake mayai madogo ya rangi ya maziwa yenye madoa ya kahawia. Tuliyakusanya kwenye kofia zetu, tukayachemsha katika sufuria ileile ya chai.

Nafula, niliyala. Mimi niliyefundishwa kupapasa tumbo la ndege nilikula mayai ya kware na chai ya rangi, nikasifu utamu wake. Ukiniuliza nilikuwa nawaza nini, nilikuwa naomba mvua isinyeshe kabla zege halijakauka. Mtu akiwa kazini haoni anachokimaliza. Anaona kazi. Jioni nilikwenda kumtembelea babu yako, nikamwambia kuwa nyasi za kule zimekwisha, naye akauliza kama wanalipa kwa wakati.

Hakuusimamisha tena mti wake. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akastaafu, akarudi Butere, akafia huko. Tulipomaliza matanga, baba yako mdogo alinipa kikapu kimoja na ndani yake dume mzuri wa kuita, mweusi kifuani na kahawia ubavuni. Alisema mzee aliagiza nipewe mimi. Wewe ulikuwa darasa la pili, na nadhani unakumbuka ulivyogombana na kaka yako Barasa juu ya nani atampa mtama.

Nilimpandisha juu ya paa hapa Kayole, kando ya tangi la maji, nikamtengenezea mti wa mabomba ya chuma niliyookota saiti. Mama yako aliniuliza ninamwitia nani. Nilimjibu kwamba simwitii mtu, nataka tu kusikia sauti. Hilo lilikuwa kweli. Nilikuwa nimemzika baba yangu, na kabla ya mapambazuko, nikiwa nimelala, nilisikia sauti ile kavu, ya harakaharaka, kama mtu anayegonga glasi kwa kijiko, na kwa muda mfupi nilikuwa mtoto tena nyikani. Sijui mtu mwingine aliyewahi kupata dawa ya msiba rahisi kama ile. Mama Shiro wa chini, yule wa mboga, hakuipenda.

"Baba Nafula," aliniambia ngazini, "hako ka-kuku kako kanaamka mapema kuliko Mungu."

Niliahidi kukifunika kikapu. Sikukifunika. Na mvua ikaja.

Unaikumbuka asubuhi ile kwa njia yako ya mtoto. Acha nikueleze kwa yangu. Usiku ulikuwa wa mvua na ukungu, taa za barabara zikiwaka, na yule wetu juu akiimba bila kupumzika. Nilisikia kitu kimepiga bati. Kisha kingine. Nilidhani ni vijana wanarusha mawe. Nilipotoka koridoni nikaona ndege wamejikunja sakafuni, mmoja amejigonga ukutani, mwingine amenasa kwenye kamba ya nguo. Kware walikuwa wakisafiri juu yetu gizani kama walivyosafiri siku zote, wakamsikia mwenzao anasema hapa pana nyasi, wakashuka. Wakakuta saruji. Wengine walipiga nyaya, wengine walitumbukia kwenye mapipa ya maji. Waliobaki hai walikimbia huku na huku kati ya ghorofa mpaka paka na watoto wakawapata.

Kulipokucha wapangaji wa ploti nzima walikuwa nje. Mama Shiro, ambaye jana yake alinitishia kunishtaki kwa mwenye nyumba, alikuwa na karai limejaa.

"Hii ni ile ya Waisraeli jangwani," akasema. "Bwana ametuletea kware mpaka mlangoni. Na ni kwa mkono wa huyu jirani."

Watu wakanishika mkono. Vijana wa pale chini, ambao kwa miaka yote walinijua tu kama yule fundi wa ghorofa ya tatu, wakaanza kuniita Musa. "Niaje, Musa. Kesho utatuletea nini?" Mafuta yalinunuliwa, majiko yakawashwa koridoni, na harufu ikapanda hadi tangini. Nilicheka nao. Nakuambia ukweli, mama, nilijisikia mtu. Tangu tuhamie hapa hakuna aliyewahi kunishukuru kwa jambo lolote isipokuwa kuziba choo.

Mama yako alipewa kware kadhaa wa kupika. Alikuwa akiwapasua kwenye beseni nawe umechuchumaa kando yake, mara akasimamisha kisu. Ndani ya mmoja mlikuwa na yai zima, limekamilika, gamba gumu, lenye madoa yake. Alilitoa akaliweka juu ya kifuniko cha sufuria. Alinawa mikono, akaingia ndani, na siku ile hatukula nyama. Wewe ulilishika lile yai, ukaja kwangu.

"Baba, huyu alikuwa anaenda wapi?"

"Alikuwa anakuja hapa," nikakuambia. "Zamani hapa palikuwa nyasi."

"Nani alimwambia bado ziko?"

Ulikuwa na miaka saba au minane. Hukuwa unanilaumu, ulitaka tu kujua. Nilinyoosha kidole kuelekea paani, ukatazama juu, kisha ukaniambia:

"Basi mnyamazishe."

Ningepanda ngazi wakati uleule. Ni ngazi tu. Badala yake nilikuambia twende tukalizike yai lako kwenye mkebe wa maua wa Mama Shiro, na nilikuona unaridhika, maana watoto huridhika na mazishi. Usiku uliofuata nilimwacha yule dume aimbe. Na uliofuata. Watu walikuwa wamenizoea kuwa Musa, nami nilikuwa nimemzoea Musa. Walishuka tena, wachache zaidi. Mara ya tatu walishuka wa kuhesabika kwa vidole. Ulikuwa unaamka kabla yangu, unaokota waliobaki hai, unawaficha ndani ya sanduku la viatu chini ya kitanda. Nilijua. Nilijifanya sijui, kwa sababu kama ningejua ingenibidi nifanye kitu.

Msimu uliofuata hakushuka hata mmoja. Nilimtundika yule dume palepale, mvua ikanyesha vizuri, akaimba mpaka sauti ikapasuka. Hakuna aliyemjibu. Vijana wakaacha kuniita Musa. Asubuhi moja nilimkuta amelala ndani ya kikapu, miguu juu. Nilisema kile ambacho watu wote wa hapa husema: wamehama. Nilimwambia mama yako wamepata njia nyingine, wamekwenda Machakos, wamekwenda Tanzania, ndege si mjinga. Maneno hayo yalinituliza miaka mingi.

Ni wewe uliyekuja kuyavunja. Ulikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, umerudi likizo, tumekaa hapahapa tunatoa mawe kwenye maharagwe. Nikatupa tu neno kwamba kware wa siku hizi wanapenda mahali pengine. Hukuinua macho.

"Baba, ndege hawana mahali pengine pa akiba. Pale pengine pana ndege wengine tayari. Wakitoweka mahali, mara nyingi hawajaenda popote. Hawapo."

Ulisema kwa upole, ukaendelea kuchagua maharagwe. Kisha ukanieleza ya mitego ya kwetu Magharibi, namna inavyonasa waliokomaa wakati uleule wanapokuja kutaga, na kwamba ukimtoa jike mwenye yai humtoi ndege mmoja, unatoa na wote ambao wangetokana naye. Nilitaka kukuambia kwamba babu yako alilijua hilo kwa kidole gumba. Nikaona aibu, kwa sababu mimi nilikuwa nimekijua kile kidole na nikala mayai.

Sasa niseme ya kazi yako ya kwanza. Hili halihitaji kukunjuliwa sana, tulikuwa wawili tu ndani ya nyumba na wote tuliona. Mama yako alikuwa amefariki. Ulikuwa umenisindikiza katika kilio chote, ukapika, ukapokea wageni, kisha ukarudi kule ziwani ulikoajiriwa kufuatilia ndege wanaotaga katika matete. Barasa alikuwa kwake Komarock na mkewe. Nilibaki na redio. Usiniambie nilikuwa na kanisa, nilikuwa nalo, lakini kanisa halilali nyumbani kwako. Jioni moja nilichukua simu nikakuambia kifua kinanibana, siwezi kupanda ngazi. Sauti yako ilibadilika. Ukaniuliza kama ni mbaya sana, nami nikanyamaza kwa namna ya mtu ambaye hali yake ni mbaya sana.

Ulifika siku ya pili, mavumbi mpaka kwenye nyusi, ukanikuta nakula ugali na matumbo, redio iko juu. Ulisimama mlangoni. Ulitazama sahani, ukanitazama mimi. Ulijua palepale, na mimi nikajua umejua. Ulichosema ni, "Kuna chai?" Nikakumiminia.

Ulikuwa umeviacha viota katika wiki ambayo makinda walikuwa wanaanguliwa, na wakubwa wako hawakungoja. Walimweka mtu mwingine. Ukakaa nami. Ukamsaidia kaka yako kuuza vifuniko vya simu, mwaka, miaka, wewe uliyekuwa ukiwatambua ndege kwa mlio tu. Nilikuwa nakuona jioni umeegemea ukingo wa koridoni ukiwatazama mwewe wakizunguka juu ya soko, midomo yako ikicheza kidogo, unawahesabu. Hukunikaripia hata siku moja. Kama ungenikaripia ningepumua. Wazee walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na hakuna aliyesema la kumfaa mzazi anayemliza mwana ili yeye asilie.

Najua ulinisamehe. Sikuandikii ili unisamehe mara ya pili. Naandika kwa sababu sijapona. Tangu uniambie kuhusu kisiwa, nimejikuta mara nyingi nikishika kifua bila kuumwa.

Unakumbuka ulivyonieleza habari ile? Ulizima redio kwanza, ndipo nikajua ni jambo zito. Ulisema kuna kisiwa ambako ndege wa bahari, wale buabua wenye migongo myeusi, walikuwa wakitaga kwa maelfu. Meli zikaleta panya. Panya wakala mayai na makinda mwaka baada ya mwaka. Lakini kwa muda mrefu hakuna aliyegundua, kwa sababu buabua huishi miaka mingi na wale wazee waliendelea kurudi kila msimu palepale walipozaliwa. Kwa mbali kisiwa kilionekana kimejaa. Nilikuambia hiyo ni kama ukumbi wa Kaloleni siku hizi kukiwa na mazishi: viti vyote vimekaliwa, hadi nje watu wamesimama, lakini geuka utazame nyuso, wote ni wazee wenzangu. Ulicheka, ukasema ni hivyohivyo. Kisha wazee wakaisha, na kisiwa kikanyamaza.

Ukaniambia panya wameondolewa, na sasa ndege wapya wanapita juu lakini hawashuki, kwa sababu hawamsikii mwenzao. Kazi yako itakuwa kupanga ndege wa mbao juu ya miamba na kupiga sauti zao kwa spika usiku kucha, ili waamini kwamba hapa pana watu wao.

Ndipo nilipotoka nje. Ulidhani nimekasirika kwa sababu unaniacha. Nilisimama koridoni nimeshika chuma, nikaona nashindwa kulia vizuri kwa sababu Mama Shiro alikuwa anapanda ngazi na vitunguu vyake. Babu yako aliwaita wakaja kwenye vitanzi. Mimi niliwaita wakaja kwenye saruji. Na wewe, katika kazi zote za dunia hii, umechagua hii. Nilirudi ndani nikakuuliza swali moja tu, ukaniona kama nakuchunguza.

"Una hakika panya wameisha?"

"Wamekagua misimu miwili, Baba. Hakuna anayewasha spika kabla ya hapo."

Mimi sikuwahi kutazama chini ya mti wangu kabla sijautundikia ndege. Basi hili ndilo pekee nitakalokuomba kuhusu kazi yako, nawe unaijua kuliko mimi: ukiona alama ya jino kwenye yai, hata moja, hata kama huna hakika, zima. Watakuambia msimu ni mfupi na watu wamegharimika. Pengine watakuwa wanakusifu wakati huo, na hapo ndipo pagumu. Zima kwanza, halafu mbishane.

Na usiku wa kwanza watakapoanza kushuka, kama watashuka, najua utalia. Lia. Mimi ningetoa kitu chochote niwaone wanatua mahali ambapo hawatagongwa na kitu.

Limebaki la kwangu. Nimezungumza na Barasa juzi, ukiwa umeenda kuaga Kaloleni. Sikutaka uwepo. Nilimwambia hivi: mimi nitakupigia simu huko kisiwani, siwezi kuahidi kwamba sitapiga, simu ikishika mtandao nitapiga. Nitakuambia kuna baridi, nitakuambia bei ya unga, na siku moja, nikiwa nimekaa peke yangu muda mrefu, nitakuambia naumwa. Siku hiyo wewe, Nafula, niulize kama nimekula. Nikisema nimekula, nitakie usiku mwema, ukalale.

Na siku nitakapoumwa kweli, hutasikia kwangu wala kwake. Nimemwapisha. Alikataa kabisa.

"Baba, na watu watasema nini? Binti asimzike baba yake?"

"Watasema," nikamwambia. "Halafu watakula, watachoka, wataenda nyumbani."

Alilia, mtu mzima yule, na mwisho akakubali. Basi huenda ikafika siku atakupigia akuambie kwamba wamekwishanipeleka Butere, wamenilaza karibu na mama yako, na mambo yameisha. Utamkasirikia. Usimkasirikie, nilimlazimisha. Na usikimbie kutafuta meli. Mimi nimekwisha kukutoa kwenye viota mara moja, na sitaki kufanya hivyo tena nikiwa siwezi hata kukumiminia chai. Kaburi halina haraka, kukhu. Ngoja makinda waruke wote, hata yule wa mwisho mzembe, ndipo uje.

Baba yako